Nani Alikuwa Juu ya Mashine

Mashine ilikufa mwalimu Rosebella akiwa juu yake. Ilikuwa baada ya alasiri, na wanawake walikuwa wamekaa msanani mwa Bi Mardhiya, ule ukumbi mrefu unaotazama ua wa ndani usio na paa, kila mmoja akingoja zamu yake ya kutembea. Rosebella alikuwa akieleza jinsi mwanafunzi wake wa darasa la nne alivyoandika kwenye mtihani kwamba moyo wa binadamu una vyumba vinne na varanda. Walikuwa wakicheka. Mara mkanda ukashtuka chini ya miguu yake, ukasimama, ukashtuka tena. Harufu ya kitu kinachoungua ikapanda. Rosebella akapepesuka, akashika vishikio kwa mikono miwili, na kidole chake cha mguu kikagonga ukingo wa chuma. Kioo kikaandika herufi na tarakimu ambazo hakuna aliyezielewa, kisha kikazimika.

Bi Mardhiya aliinuka mkekani haraka kuliko magoti yake yalivyomruhusu. "Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, mama. Ni kidole tu." Lakini alikuwa ameshuka na kusimama kando, mkono kifuani, akiitazama mashine kama mtu aliyeangusha mtoto wa wenyewe.

Saadiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akimenya machungwa. Hakuinuka. "Mwalimu," akasema, "leo umeiua."

Wakacheka tena, na Rosebella naye akacheka. Raihana, msichana aliyekuwa akijitayarisha kwa harusi na aliyetaka kupungua kabla ya siku yake, alibonyeza vitufe kimoja kimoja. Hakuna kilichowaka. Kicheko kikakatika. Wakabaki wanakula machungwa wakitazama kile chuma cheusi, na wa kwanza akakumbuka kwamba ana chungu jikoni, na wa pili naye akakumbuka jambo lake, na kabla ya magharibi msana ulikuwa mtupu.

Mashine ile ililetwa kwa sababu ya sukari. Daktari alimwambia Bi Mardhiya atembee, naye alijibu kwamba hawezi kuzunguka ufukoni kama mtalii, watu wakimuuliza kila hatua anakwenda wapi na kwa nani. Ammar, mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi Doha, akaagiza mashine ya kutembelea ndani ya nyumba kutoka Mombasa. Miezi ya mwanzo mama alitembea peke yake akiutazama ukuta. Kisha Saadiya, aliyesikia ule mvumo kupitia ukutani, akaja kuuliza ni kitu gani. Akapanda. Siku ya pili akaja na nduguye. Baada ya hapo haikupita alasiri bila viatu kujaa mlangoni. Tangu mumewe afariki, nyumba ile ilikuwa haijapata kelele za watu namna hiyo, na Bi Mardhiya alizoea kupika mahamri mengi kuliko anayoweza kula mtu mmoja na mpangaji wake.

Mpangaji ndiye Rosebella. Alitoka Kakamega, akapangiwa shule ya msingi Amu, na akapewa chumba cha juu kwa maneno ya mwalimu mkuu. Ammar hakupenda. Mama naye mwanzoni alikuwa akimsikiliza akipanda ngazi kama anavyomsikiliza mgeni. Lakini Rosebella ndiye aliyejifunza kumpima sukari kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na ndiye aliyemkaripia siku alipomkuta analamba haluwa jikoni. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimkaripia Bi Mardhiya. Alifurahi kukaripiwa.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi, Rosebella akiwa shuleni. Aliitwa Hillary, kijana wa bara aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na mafeni upande wa Langoni. Alilaza mashine ubavu, akafungua kifuniko cha mbele, akapuliza. Vumbi, manyoya ya paka na unga mwekundu wa kutu vikaruka.

"Chumvi hii, mama," akasema. "Hewa ya hapa haipendi hizi mashine. Kuna moja ya mzungu kule Shela, haikumaliza mwaka. Sasa anaanikia taulo. Na stima yetu nayo, inapanda inashuka, bodi inachoka."

"Basi ni chumvi."

"Chumvi ni sehemu." Alikuwa ameingiza vidole chini ya mkanda. Alipovitoa vilikuwa vimejaa kitu kama uji wa rangi ya udongo, uliokauka pembeni. Akanusa. "Hapa mliweka mafuta gani?"

Bi Mardhiya alivitazama vile vidole. Chupa ndogo ya mafuta iliyokuja na mashine ilikuwa imekwisha zamani. Mkanda ulipoanza kulia, aliona aibu kumsumbua Ammar kwa jambo dogo, akachukua mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, yale anayojipaka nywele, akayamimina chini ya mkanda kwa kijiko. Mkanda ukanyamaza. Aliona amefanya jambo la busara. Kila uliporudi kulia, alimimina tena.

"Ya nazi," akasema.

"Ah, mama. Hayo yanaganda. Yanashika mchanga, mkanda unakuwa mzito, mota inavuta, inavuta, mpaka inaungua." Hakusema kwa ukali. Alifuta vidole kwa kitambaa. "Lazima mota nyingine. Hapa Amu sijui kama iko. Mwambie kijana wako aulize kule walikoiuza."

"Na yule aliyekuwa juu jana, hakuiharibu yeye?"

"Hata angekuwa paka, ingekufa tu."

Bi Mardhiya alimpa chai. Alipokuwa akifunga mkoba wake alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kupita, kwamba hayo ya mafuta hayana haja ya kuzungumzwa huko nje. Hillary akasema sawa, mama, na hakuonekana kulifikiria tena.

Ammar alipiga simu siku hiyohiyo. Alitaka kuiona mashine, basi mama akaigeuza simu, akamwonyesha kifuniko kilichofunguliwa na nyaya.

"Mama, mashine hii si ya kufa upesi hivi," alisema. "Mimi nilisoma wanayoandika watu walioinunua. Kuna mmoja ana yake mwaka wa sita, anakimbia juu yake kila asubuhi. Mwingine anasema hajabadilisha hata skrubu."

"Hao hawakai Amu, mwanangu. Hapa kuna chumvi."

"Chumvi haiunguzi mota. Yale mafuta ya chupa uliweka?"

"Niliweka." Na ni kweli aliweka, mpaka yakaisha.

Ammar akanyamaza. Bi Mardhiya aliujua ukimya ule. Ulikuwa ukimya wa mwaka jana, aliposahau mfereji wazi, maji yakajaa mpaka yakashuka ngazini. Na ukimya wa siku alipopoteza ufunguo wa mlango mkubwa ukapatikana ndani ya gunia la mchele. Baada ya kila ukimya namna hiyo, Ammar alizungumza maneno yaleyale: kwamba mama ameanza kusahau, kwamba nyumba ni kubwa, kwamba Mombasa kwa wakwe zake kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, na nyumba hii ya Amu wapo watu wa kuikodi hata kesho. Alimwona akivuta pumzi ya kuyaanza.

"Kwani ilipokufa nani alikuwa juu yake?" Ammar akauliza.

"Rosebella," akasema mama.

Alikuwa amesema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa la kweli.

"Yule mpangaji?" Sauti ya Ammar ikapanda, lakini ilipanda upande mwingine, mbali naye. "Mama, mashine ina kiasi cha uzito. Si punda. Mimi nimekununulia wewe, sikununulia mtaa. Sasa nitatafuta hiyo mota, lakini ikitengenezwa asipande mtu. Mtu yeyote. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Hakutaja Mombasa. Walizungumza kidogo kuhusu joto la Doha, wakaagana. Bi Mardhiya akaukunja mkeka uliokuwa mbele ya mashine, akausimamisha ukutani.

Neno lile halikukaa kwenye simu. Ammar alimweleza mkewe, mke akamweleza dadake aliyeolewa Amu, na baada ya siku chache Saadiya akalisikia kama habari aliyoithibitisha fundi: mwalimu ndiye aliyeivunja, kwa uzito. Ile kauli yake ya mzaha sasa ilikuwa na mashahidi. Akaja kwa Bi Mardhiya na bakuli la uji wa mtama, akakaa, na wenzake wawili watatu wakamfuata, maana walikuwa hawajapata mahali pengine pa kukaa alasiri.

"Mimi nalisema siku ileile," Saadiya akasema. "Nalisema, sikusema?"

"Ulisema," Raihana akaitikia.

"Mtu hujijua. Ukijua una mwili, wapanda taratibu. Yeye apanda kama apandaye ngamia." Akapunguza sauti, lakini si sana. "Mngemtuma dukani kwa Abdulqadir kwanza, akapimwa kwenye ile mizani ya magunia."

Wakacheka. Bi Mardhiya alikuwa akimimina kahawa; aliendelea kumimina. Hakuna aliyesikia hatua ngazini, kwa sababu Rosebella alikuwa amevua viatu kama anavyovua siku zote akiingia nyumba ile. Alikuwa amesimama ngazi ya mwisho, ameshika rundo la daftari za kusahihisha.

"Asalaam alaikum," akasema, kama walivyomfundisha wenyewe.

"Waalaikum salaam, mwalimu, karibu, karibu kahawa," wakasema wote kwa pamoja.

Alimtazama Bi Mardhiya. Hakuwatazama wengine. Bi Mardhiya aliyaona macho yale yakimngoja, na akajua kwamba yanangoja kitu chepesi kabisa, sentensi moja, hata nusu yake. Akamnyoshea kikombe. Rosebella akakipokea, akanywa akiwa amesimama, akashukuru, akapita kwenda nje.

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Abdulqadir, mume wa Saadiya. Wateja walikuwapo, mzee mmoja akinunua misumari na watoto wakingoja peremende. Mizani ya magunia ilikuwa pale mlangoni, na juu yake kulikuwa na gunia la sukari.

"Bwana Abdulqadir, naomba utoe hilo gunia unipime."

"Mwalimu, hii ni ya bidhaa."

"Nipime tu."

"Mwalimu, tafadhali," Abdulqadir akasema, akitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia. Alikuwa mtu mpole, na mkewe hakuwahi kumweleza mzaha wake. Lakini mwalimu hakuondoka, na mwishowe aliliondoa gunia. Rosebella akapanda na baibui lake jeusi alilozoea kuvaa akitoka, na mkoba begani. Sindano ikatikisika, ikatulia.

"Soma kwa sauti."

"Themanini na tisa," akasema Abdulqadir, karibu kwa kunong'ona.

"Mashine imeandikwa mia na kumi, pale pembeni, kwa rangi ya njano. Utamwambia Bi Saadiya nyumbani?"

Akashuka. Mtoto mmoja akacheka, na yule mzee wa misumari akamkata jicho. Rosebella akanunua kiberiti ambacho hakukihitaji, ili aonekane amekuja kununua kitu, akaenda zake kwa njia ndefu ya nyuma ya msikiti ili asipite mbele ya mlango uliojaa viatu.

Raihana ndiye aliyempelekea Bi Mardhiya habari hizo, mkono mdomoni, macho yamemtoka. "Mwalimu kapanda mizani, wallahi! Mbele ya watu! Na Bi Saadiya sasa hataki hata kuja, asema yeye mwenyewe akipimwa pale atafika mia na ngapi?" Raihana alitaka wacheke pamoja. Bi Mardhiya akasema ana kichwa, anataka kulala kidogo.

Hakulala. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akayapanga maneno. Jioni nitamwambia, aliwaza, akipita nitamwita. Jioni Rosebella alipita. Hatua zilifika msanani, zikapunguza mwendo, karibu zikasimama. Bi Mardhiya alikuwa ameshafungua mdomo. Kisha akauona uso wa Ammar kwenye kile kioo kidogo cha simu, na kile chumba cha chini kwa watu wa Mombasa ambao angewaomba ruhusa hata ya kuchemsha maji. Hatua zikapanda ngazi. Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa yake.

Asubuhi Rosebella aliendelea kumpima sukari. Alisema namba, akafuta sindano, akafunga kijisanduku. Hakumkaripia kwa lolote. Siku moja ilikuwa imepanda sana, naye akasema tu, "Iko juu leo," na akaenda shule.

Mwisho wa mwezi akaja na funguo mkononi. Alikuwa amepata chumba Wiyoni, karibu na mwalimu mwenzake, Chelangat. Alisema ni karibu zaidi na kanisa, na kwamba huko kuna upepo. Kwa kweli chumba cha juu cha Bi Mardhiya ndicho kilichokuwa na upepo kuliko vyote mtaani.

"Nimekuudhi, mwanangu?" Bi Mardhiya akauliza.

"Kwa nini uniudhi, mama?"

Hiyo nayo ilikuwa nafasi. Wachukuzi walikuwa mlangoni na mkokoteni. Mmoja alikuwa akiuliza kama godoro litashuka zima au likunjwe. Bi Mardhiya akasema likunjwe, wasikwaruze nakshi ya mlango. Akasimama akielekeza kazi, huku kule, shikeni hapa, taratibu, mpaka hakukuwa na kitu cha kuelekeza. Rosebella alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, akaufuata mkokoteni.

Mota ilikuja baada ya miezi miwili, imefungwa katika boksi lenye picha ya kijana anayekimbia milimani. Hillary akaifunga, akakwangua ule uji wa mafuta kwa kisu, akamwachia chupa ya mafuta sahihi, akaonyesha mahali pa kuyatia. Mashine ikawaka. Haikuwa kama zamani: ilikuwa na mlio mpya, kama mtu anayesafisha koo, na mkanda ulipenda kukimbilia upande wa kushoto. Hillary akasema ndivyo zinavyokuwa, ikishafunguliwa mara moja hairudi kama ilivyotoka dukani. Itakusukuma mwaka, pengine miwili, mama, ukibahatika.

Bi Mardhiya akatembea. Alifunga mlango mkubwa kwanza, kama alivyoahidi. Alichagua saa ya asubuhi, wakati wanawake wako jikoni na kelele za redio ziko kila nyumba, akaiweka kwenye mwendo wa chini kabisa. Lakini ukuta ni ukuta uleule. Siku ya tatu, alipokuwa akinunua mboga mlangoni, Saadiya alipita na kikapu, akasimama hatua mbili mbali naye.

"Mashine imepona," akasema.

"Imepona kidogo."

"Hongera. Sisi hatukwambiwa. Basi." Na akaenda, na baibui lake likafagia ukuta wa njia nyembamba.

Hakuna aliyekuja tena. Raihana aliolewa, Bi Mardhiya alialikwa, alikwenda, aliwekwa mahali pazuri na kuhudumiwa vizuri, na hakuna aliyemvuta pembeni kumnong'oneza umbea. Alisikia kwamba sasa alasiri wanakutana kwa Saadiya, na kwamba Abdulqadir ameahidi kununua mashine, kubwa zaidi, ya mizigo mizito. Usingizi wa mchana ulimkimbia. Alianza kuzungumza na televisheni. Akipika, alipika kidogo, na bado kilibaki. Mchana mmoja alipima sukari mwenyewe, akakosea, akajichoma mara tatu bila damu kutoka, akaacha kile kijisanduku wazi mezani, akakaa akikitazama.

Alipoinuka, alivaa baibui, akaenda nyumba ya pili, akagonga.

Walikuwapo, Saadiya na wenzake, wakisuka ukili wa mikeka. Wakamkaribisha kwa adabu ambayo haikuwapo zamani. Hakukaa.

"Nimekuja kusema neno," akasema. "Mashine niliiua mimi. Nalitia mafuta ya nazi, yakaganda, mota ikaungua. Fundi aliniambia. Mwalimu hakufanya kitu."

Mikono ikasimama kwenye ukili.

"Lini alikwambia?" Saadiya akauliza.

"Siku ya pili yake."

"Siku ya pili." Saadiya aliweka kazi yake chini. "Basi siku ile nilipokaa kwako nikamwita mwalimu gunia, wewe wajua."

"Najua."

"Na kahawa wanimiminia."

Bi Mardhiya akautazama ukili uliolala sakafuni.

"Mimi nina mdomo, Mardhiya, Mungu anisamehe, na kila mtu wa mtaa huu ajua nina mdomo. Lakini sijapata kumdhulumu mtu nikijua. Wewe ulijua. Ulikaa ukaniacha niseme, na mume wangu akaona aibu mbele ya wateja wake, akanifokea mimi mbele ya watoto. Wanibebesha dhambi ambayo ni yako." Akanyosha kidole mlangoni. "Na yule msichana wa watu hana mama hapa, hana ndugu."

"Nakwenda kwake sasa. Twende pamoja, Saadiya."

"Nenda wewe," Saadiya akasema. "Mimi nitakwenda siku yangu, na kwa miguu yangu." Akachukua ukili wake. Bila kuinua kichwa, akaongeza, "Ndia ya Wiyoni kuna mawe. Angalia magoti."

Ilimchukua muda kufika. Alisimama mara nyingi, akishika kuta, akiwapisha punda, akijibu waliomuuliza aendako kwamba anakwenda kumtazama mtu. Alipofika mitaa ile ya nyumba za mabati na matofali, hakujua nyumba ni ipi, ikabidi amuulize mwanamke aliyekuwa akianua nguo. Kabla hajafika mlangoni alisikia kicheko, kicheko cha Rosebella, kile kirefu kinachoanza tumboni. Alipopiga hodi kikakatika.

Walikuwa wawili, Rosebella na Chelangat, wakikata sukumawiki, sufuria ya ugali iko jikoni. Chelangat alimwachia kiti. Rosebella alileta maji kwenye gilasi safi juu ya sahani, kama anavyoletewa mgeni.

"Karibu sana, Bi Mardhiya. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu." Akanywa maji. Kisha akasema yote, palepale, mbele ya Chelangat asiyemjua: chupa, kijiko, mafuta ya nazi, vidole vya fundi, simu ya Ammar. Akasema ametoka kwa Saadiya na amelisema huko pia. "Niliogopa kuondolewa nyumbani kwangu. Si sababu. Lakini ndilo lililokuwapo moyoni."

Rosebella aliendelea kukata mboga kidogo, kisha akaweka kisu.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Miguu yangu. Siku ile nilipopanda chumbani niliiosha, nyayo zinanuka nazi. Nikajua mama ametia mafuta yake ya nywele. Nikacheka hata. Nikasema kesho nitamtania." Alizungumza polepole, kwa sauti ya darasani, ya kumweleza mtu jambo alielewe. "Wakaanza kusema ni mimi. Nikaona si kitu, mama mwenyewe atawaambia. Sikutaka nikusemee nyumbani kwako. Kila jioni nilipita pale msanani polepole, nikidhani utaniita."

"Nilikusikia."

"Nilijua unanisikia."

Chelangat aliinuka akaenda kusonga ugali ambao haukuhitaji kusongwa. Nje mtu alikuwa akipigilia bati.

"Rudi, mwanangu," Bi Mardhiya akasema. "Chumba kipo. Sijampa mtu."

Rosebella alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomwambia jibu kabla hajalisikia. "Hapa nimeshazoea, Bi Mardhiya. Sina kinyongo. Nimefurahi umesema, najua si rahisi kwa mtu mzima kama wewe. Nitakuja kukuamkia, siku ya Idi. Lakini kukaa, hapana."

Wakamlazimisha kula. Alimega kidogo, akasifu. Waliulizana kuhusu shule na kuhusu joto. Rosebella alimsindikiza mpaka kwenye kona ya njia kubwa, akamwonyesha pa kupita ili aepuke mawe, na wakapeana mikono. Alipogeuka mara ya kwanza, Rosebella alikuwa bado amesimama pale. Alipogeuka mara ya pili hakumwona.

Adhana ya magharibi ilimkuta karibu na nyumbani. Wanaume walikuwa wakielekea msikitini, na walimpisha njia na kumwamkia. Kwa Saadiya taa zilikuwa zinawaka, kukisikika vyombo na sauti ya Abdulqadir akiomba taulo. Bi Mardhiya alipita mlango ule, akafika wake, akatafuta ufunguo, akafungua. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mawe ya chokaa. Akavua viatu. Akatoa salamu, kama inavyompasa mtu kuitoa hata aingiapo nyumba isiyo na mtu, na akabaki amesimama pale mlangoni kwa kitambo, akisikiliza.